Somo la Meli za Pilipili

Nilifundisha safari za baharini kwa miaka kumi na mmoja kabla sijaiona bahari. Shule yetu ilikuwa Uvira, kati ya mlima na ziwa. Kila mwaka, muhula wa pili ulipoanza, nilichukua chaki nikachora ubaoni pwani yote ya Afrika kwa mstari mmoja, bila kuinua mkono: kutoka Ureno, kushuka magharibi, kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema, kupanda mashariki hadi Malindi, kisha kukata maji kwenda Bara Hindi. Wanafunzi walipiga makofi kana kwamba nimefunga bao. Niliwaeleza habari za pepo na mawimbi kwa uhakika wa nahodha, na mimi mwenyewe nilikuwa sijavuka hata ziwa letu kwenda Kigoma.

Sasa naishi Durban, na kila asubuhi nikienda kazini naziona winchi za bandari zimeinama juu ya meli. Kazi yangu iko Mobeni, katika bohari ya tajiri mmoja anayeleta vyombo vya nyumbani kutoka Asia. Tunafungua makontena. Mlango ukifunguka inatoka harufu ya kadibodi, ya plastiki mpya na ya unyevu wa majuma mengi ya safari. Wenzangu hurudi nyuma mpaka harufu ipungue. Mimi huingia kwanza. Ndani iko sahani, vikombe, mapazia, maua ya plastiki, mazulia yaliyokunjwa. Siku ya kwanza nilishika sahani nyeupe yenye ua la buluu nikakaa nikiitazama mpaka msimamizi akaniuliza kama nimeona ufa.

Mke wangu husema miguu yangu ina akili yake. Tangu tutoke Kongo tumekaa Johannesburg, tukakaa Pietermaritzburg, tukaja Durban, na hapa Durban penyewe tumehama mara tatu kabla ya kufika Cato Manor. Mara nyingine sababu ilikuwepo na kila mtu aliiona. Mara nyingine niliiona peke yangu. Jirani akiacha kunisalimu siku mbili, mimi naanza kukusanya masanduku. Nikikaa mahali mwaka mmoja na nusu, hata kama hakuna lililoharibika, usingizi unakuwa mwepesi, natembea chumbani kutoka mlangoni hadi dirishani, naanza kuuliza watu habari za miji mingine. Wakati mambo haya yanatokea tulikuwa tumetimiza mwaka mmoja na miezi minane.

Ijumaa moja binti yetu alirudi kutoka shule, akatupa begi lake kitini na kuniuliza bila kunitazama:

“Papa, merkantilizimu ni nini?”

Alikuwa na miaka kumi na sita, darasa la kumi. Aliingia nchi hii akiwa mgongoni mwa mama yake. Kiswahili chake kimechanganyika na Kiingereza na Kizulu, na alikuwa amefika umri ule ambapo mtoto hapendi baba yake afungue mdomo mbele ya marafiki zake. Kuniuliza jambo la shule ilikuwa habari kubwa.

“Iko na mtihani?” nikamwuliza.

“Hapana. Ni kazi ya nyumbani. Alhamisi kila mtu atasimama mbele ya darasa, aeleze kwa nini wafanyabiashara wa Ulaya walisafiri mpaka Asia, na nani alipata faida. Dakika tano, na ramani.”

Nilinawa mikono kama mtu aliyeitwa mezani. Nikasogeza vyombo alivyokuwa amepanga mama yake, nikachukua mkate uliokuwa pale, nikauweka katikati.

“Wafalme wa Ulaya wa zamani zile,” nikaanza, “waliamini kwamba mali yote ya dunia ni mkate mmoja. Hauongezeki. Ukitaka kipande kikubwa, lazima mwenzako apate kidogo. Kwa hiyo kila mfalme alitaka auze sana, anunue kidogo, arundike dhahabu na madini ya fedha nyumbani kwake. Hiyo ndiyo merkantilizimu.”

“Sasa Asia inaingia wapi?”

“Asia ilikuwa na vile walivyovitamani. Pilipili manga, mdalasini, karafuu, kungumanga, hariri, sahani za kauri. Na Asia haikuwa na haja kubwa ya vitu vyao. Iliwaambia: leteni madini ya fedha. Unaona shida yao? Mtu anayetaka kurundika fedha anapenda vitu ambavyo vinaitoa fedha ile nje. Basi wakaunda kampuni, wakazipa vibali vya mfalme na mizinga.”

“Kampuni yenye mizinga?”

“Na askari. Na ruhusa ya kupigana vita.”

Nikamweleza habari za visiwa vya kungumanga, jinsi kampuni ya Waholanzi ilivyotaka watu wa visiwa vile waiuzie yenyewe peke yake, na walipoendelea kuwauzia wengine, kampuni ikawaua wengi na kuwaondoa waliobaki, kisha ikaleta watumwa walime mashamba.

Binti aliacha kuandika. Mama yake, aliyekuwa jikoni hatua mbili kutoka pale, akageuka na mwiko mkononi.

“Kungumanga ile tunayoweka kwenye chai?”

“Ile ile.”

“Mungu wangu,” akasema, akarudi kwenye sufuria yake.

Jumamosi nilimsubiri binti mezani kabla hajaamka. Jumapili tulipotoka kanisani nilianza tena. Nilitaka aseme yote: pepo za msimu, vibali vya wafalme, hesabu za maghala. Yeye alitaka kurasa mbili. Tuligombana kuhusu ramani. Nilimwambia achore mstari mmoja bila kuinua kalamu; akasema ramani ziko kwenye simu. Nikamwambia ramani isiyochorwa na mkono haikai kichwani. Akavuta pumzi.

“Papa, mimi nataka kujua kitu kingine. Wale wa chini ya meli. Wale wa kuvuta kamba. Walipata nini?”

Uvira jambo lile nililipitia kwa sentensi moja, kwa sababu mtihani haukuliuliza. Nilikaa nikajikusanya. Nikamwambia kuhusu kiseyeye, ugonjwa wa kukosa matunda na mboga, jinsi ufizi unavyooza na meno kudondoka. Kwamba katika safari nyingi waliokufa walikuwa wengi sana, wakashonewa turubai na kutupwa majini. Kwamba Waholanzi walikwenda kukaa kule Rasi kwanza ili kulima mboga za meli.

“Na hapa Durban walisimama?”

“Walipita. Ilikuwa siku za Krismasi, Wareno wakaiita pwani hii Natali, kwa ajili ya kuzaliwa kwa Yesu. Baadaye meli zao nyingine, zikirudi kutoka Bara Hindi zimejazwa pilipili kupita kiasi, zilivunjika kwenye miamba ya pwani hii. Waliookoka walitembea kuelekea kaskazini kwa miezi, wakitafuta mahali ambapo meli nyingine inaweza kuwachukua. Wengi walikufa njiani. Wachache wakabaki kwa wenyeji, wakaoa, na walipokutwa miaka ya baadaye wengine hawakutaka tena kuondoka.”

Alifikiri kidogo, kalamu mdomoni.

“Kwa hiyo wageni wa kwanza kutembea hapa bila karatasi walikuwa Wareno.”

Mama yake alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Mimi pia nilicheka, na kwa dakika chache nilikaa kwenye kiti kile bila kuhisi miguu ikitaka kuondoka.

Jumatatu habari ikaja. Ilikuwa ujumbe wa sauti kwenye simu, katika kundi letu la kanisa: Alhamisi kutakuwa na maandamano ya watu wanaotaka wageni watoke, wenye maduka wafunge, watoto wasivae chochote cha kuonyesha kwamba ni wageni. Mke wangu anasuka nywele katika saluni moja Overport. Mwenye saluni alimwambia Alhamisi asije. Wakati ananieleza haya nilikuwa nimeshasimama. Nilikwenda chumbani, nikavuta begi kubwa kutoka chini ya kitanda, nikaanza kuweka nguo. Nilimpigia ndugu yangu aliyeko Cape Town, nikamwuliza kama ana nafasi ya kutupokea siku mbili tatu.

Mke wangu alisimama mlangoni akisikiliza mpaka nilipokata simu.

“Rudisha begi.”

“Ni tahadhari tu.”

“Tahadhari yako imenizungusha nchi hii yote. Mtoto shule hii ni ya tano. Mimi nina wateja wanaonitafuta mimi, si mkono wowote unaosuka. Mimi sihami.”

“Na wakija hapa?”

“Wakija watanikuta.” Alisema kwa sauti ya chini, bila hasira, na hilo lilinitisha zaidi. “Wewe ukitaka, nenda. Utatusalimia watu wa huko.”

Sikurudisha begi chini ya kitanda. Nililiacha karibu na mlango, limejaa nusu. Naye hakuligusa. Kwa siku tatu tuliliruka wote kama watu wanaoruka dimbwi.

Jumanne, kule Mobeni, tulifungua kontena la vikombe. Ninayefanya naye kazi ni Mzulu wa umri wangu, mtu mpole, mwenye mabega ya kubeba nyumba. Zamani nilimwambia kwamba nilikuwa mwalimu, na tangu siku ile ananiita thisha, maana kwao ndivyo wanavyomwita mwalimu. Tunazungumza Kiingereza cha bohari, kila mmoja na makosa yake. Wakati wa kula tulikaa juu ya makasha. Nilikuwa sijala tangu jana yake, na maneno yalinitoka kabla sijayapanga.

“Alhamisi utakwenda?”

Alitafuna kwanza.

“Mimi nitakuwa kazini. Mwanangu atakwenda.” Akatazama chakula chake. “Ana miaka ishirini na sita, thisha. Tangu amalize shule hajaamshwa na kazi hata asubuhi moja. Anaamka akitaka.”

Hapo ilifaa ninyamaze. Badala yake nilimweleza habari za wafalme na mkate. Nikamwambia walikosea, na nchi zao zenyewe baadaye zilikuja kuona kwamba walikosea. Mali haifanani na mkate. Biashara ikipita mahali, inaongeza. Kama mke wangu anasuka nywele, ananunua rangi na nyuzi kwa mwingine, na mwingine anaajiri. Niliongea kama niko mbele ya ubao. Nikamwambia kwamba kwetu kuna msemo: mgeni njoo, mwenyeji apone.

“Apone ugonjwa gani?” akauliza.

“Wowote. Mgeni analeta baraka. Lakini pia tunasema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.”

Huo aliupenda. Alicheka, akarudia maneno kwa Kiingereza ili ayashike. “Ya tatu, mpe jembe. Hiyo nzuri. Na wewe hapa umepewa jembe?”

“Nimepewa.”

“Sawa.” Alikunja karatasi ya chakula chake ikawa ndogo, ndogo zaidi. “Na kama jembe lilikuwa moja, thisha?”

Nilifungua mdomo. Kengele ya kurudi kazini ililia na sikuwa nimepata neno. Mchana wote tulipokezana makasha haraka kuliko kawaida, na sikujua kama amekasirika au ni mimi niliyekasirika.

Jioni nilimsimulia mke wangu nikitembea kutoka mlangoni hadi dirishani. Nilisema mambo ambayo nilipaswa kumjibu mchana. Nilikuwa na majibu manne, yote mazuri. Mke wangu alisikiliza, halafu akauliza, “Na huyo mtoto wake anafanya nini mchana kutwa?” Nikasema sijui. Akasema, “Hukuuliza.” Binti yetu alikuwa amelala kifudifudi juu ya kitanda chake na daftari zake, masikio yamezibwa na nyaya za simu. Nilidhani hasikii.

Jumatano nilimwomba afanye mazoezi mbele yangu. Alikataa.

“Nitafanya kwa mama. Wewe utanikatisha.”

Walijifungia chumbani. Nilisikia minong'ono na kicheko. Sikusikia habari yoyote ya ramani.

Alhamisi, mke wangu na mimi tulibishana kama mtoto aende shule. Mtoto mwenyewe ndiye aliyemaliza ubishi. Alitoka akiwa amevaa sare, akasema amejiandaa wiki nzima na hatapata sifuri kwa sababu ya watu wanaotembea barabarani. Nilimsindikiza hadi geti la shule. Nikaenda Mobeni. Sikuweza kusimama mahali pamoja. Niliangusha kasha la sahani, la kwanza tangu niajiriwe.

Kama saa nne ujumbe wa shule ukaingia: wazazi waje wachukue watoto mapema. Nilimwonyesha msimamizi, akaniruhusu. Nikatoka hadi barabarani. Teksi hazikuwepo. Dereva mmoja aliyekuwa ameegesha alisema barabara ya kuelekea upande wetu imefungwa na waandamanaji na yeye haendi. Nilianza kutembea. Kutoka Mobeni hadi Cato Manor kwa miguu ni kazi ya saa nyingi, nilijua hivyo, lakini kukaa sikuweza. Nilikuwa sijafika mbali nikasikia honi. Yule Mzulu mwenzangu alikuwa nyuma yangu katika pikapu yake kuukuu.

“Panda.”

“Na kazi?”

“Nimemwambia msimamizi wewe hujui njia.”

Nikapanda. Kila roboti, kama wanavyoita hapa taa za barabarani, ilikuwa nyekundu, au ndivyo nilivyoona. Karibu na daraja tulikutana na watu, kama mia, mabango mikononi, wanaimba. Wengine walikuwa wanawake wa umri wa mke wangu. Alipunguza mwendo, akashusha kioo, akawasalimu kwa Kizulu kama mtu anayesalimu harusi. Kijana mmoja aliinama akanitazama, akauliza jambo. Nilielewa neno moja tu, lile lenye maana ya mgeni.

“Ni thisha,” akajibu. “Tunakwenda kuchukua mtoto shuleni.”

Kijana aligonga bodi ya gari mara mbili kwa kiganja. Tukapita. Nikaachia mshikio wa mlango. Mwenzangu aliendelea kutazama kioo cha nyuma, akichambua nyuso.

“Simwoni mwanangu,” alisema. Sikujua kama ni nafuu au ni hofu.

Shuleni mlinzi alitufungulia. Watoto wengi walikuwa wameshachukuliwa. Waliobaki, kama ishirini, wamekusanywa katika darasa moja, na mwalimu wa historia, mama wa Kihindi wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, aliamua waendelee na kazi yao ya kueleza badala ya kukaa wakisikiliza ving'ora. Tulisimama mlangoni. Aliyekuwa mbele ya darasa alikuwa binti yangu.

Ubao nyuma yake ulikuwa mtupu. Hakuchora kitu. Alikuwa ameshika karatasi moja na haitazami. Alieleza mkate wa wafalme kwa maneno mafupi kuliko yangu, na darasa lilimwelewa. Alieleza visiwa vya kungumanga. Alieleza ufizi wa mabaharia, wasichana wa mbele wakafunika midomo. Kisha akasema:

“Baba yangu anasema wafalme wale walikosea, mali si mkate mmoja. Lakini mtu anayefanya naye kazi alimwuliza: mnasema mgeni siku ya tatu apewe jembe, na kama jembe ni moja? Baba yangu hakuwa na jibu. Mimi nimetafuta wiki hii na sijapata. Ila nimeona kitu. Katika habari hii yote, mwenye jembe, anayeamua nani apewe, hakuwa baharia, na hakuwa mtu wa visiwa. Alikuwa amekaa nyumbani kwake Ulaya. Wengi wa watu hao hawakupanda meli hata siku moja.”

Mwenzangu alikohoa. Nilimtazama kwa pembeni, maana sikujua ataichukuliaje. Alikuwa amevua kofia na kuishika kwa mikono miwili.

Kijana mmoja wa nyuma akainua sauti bila kuinua mkono: “Kwa hiyo unasema wale wanaoandamana leo wanafanya upuuzi?”

Mwalimu alisogea hatua moja.

“Sijasema hivyo,” binti yangu akajibu. Aliikunja karatasi yake. “Nimesema nauliza jembe liko kwa nani.”

“Inatosha, asante,” mwalimu akasema, kisha akatuona. Binti yangu naye akageuka. Nilikuwa na ovaroli ya kazi, vumbi la kadibodi hadi kwenye nyusi. Nilijiandaa kumwona akitazama sakafu, kama alivyofanya mara moja alipokuwa darasa la nane na nilipomletea chakula alichosahau.

“Huyo ni baba yangu,” akasema. “Ni mwalimu wa historia.”

Hakusema “alikuwa mwalimu.” Mwalimu alinitazama kwa makini, akachukua kalamu ya ubao na kunipa.

“Binti yako amekataa kunichorea ramani. Labda wewe.”

Nilikwenda mbele. Nilianza Ureno. Ubao ulikuwa laini kuliko ule wa Uvira, na kalamu haikuuma kama chaki. Mkono niliuinua mara mbili, na Ghuba ya Gine ikatoka kama tumbo la mgonjwa. Lakini niliizunguka Rasi, nikapanda, nikafika Bara Hindi. Halafu nikaanza kueleza. Kiingereza changu kilikwenda vizuri mpaka kwenye pepo. Hapo kikaniacha, nikaingia Kifaransa, nikatoka kwa Kiswahili, nikamtazama binti. Akatafsiri. Niliongea sentensi nne ndefu kuhusu msimu wa kusafiri na hatari ya kuchelewa.

“Anasema ukichelewa, unasubiri mwaka,” akawaambia.

Darasa likacheka. Nikaongea tena, sentensi sita.

“Anasema ilikuwa mbali.”

Walicheka zaidi, hata kijana wa nyuma, na mimi nikacheka nao, nimesimama mbele ya darasa kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na nne.

Kutoka mlangoni mwenzangu akauliza, “Thisha, sisi tuko wapi hapo?”

Nikaweka nukta. Ilikuwa karibu na Rasi kuliko nilivyokusudia.

Tulipanda watatu mbele ya pikapu. Tulipita njia za pembeni. Mwenzangu alimwambia binti yangu, akitazama barabara, “Umenitaja mbele ya watu bila kuniomba ruhusa.”

“Samahani, baba.”

“Hukukosea maneno.” Alikunja kona. “Lakini umesahau kusema kwamba niliuliza kwa upole.”

“Nitasema siku nyingine.”

Alitushusha kwenye roboti ya karibu na kwetu. Nilimkaribisha chai. Akasema lazima amtafute mwanawe, akaondoka akiwa bado anatazama vioo.

Maandamano yaliisha alasiri. Mtaani kwetu meza mbili za biashara zilipinduliwa, na mlango wa duka la simu la Mrundi mmoja tunayesali naye ulivunjwa. Yeye alihama na familia yake wiki ile ile, na mpaka leo hajasema amefikia wapi. Saluni ilifunguliwa Jumamosi. Wateja wa mke wangu walirudi mmoja mmoja, na mmoja wao, mama wa Kizulu, alilia wakati anasukwa, mke wangu hakumwuliza sababu.

Jumatatu, kazini, nilimwuliza mwenzangu habari za mwanawe. Nilimwuliza kwanza, kabla ya kufungua kontena.

“Alikwenda,” akasema. “Akarudi saa tisa, akala, akalala. Kesho yake akaamka alipotaka, kama kawaida.”

Nilikwenda kwa msimamizi kumwombea kijana yule nafasi ya kushusha mizigo wakati wa msimu wa makontena mengi. Alipata wiki tatu. Alifanya kazi vizuri, haongei sana. Wiki zilipoisha, zikaisha.

Binti yetu alirudishiwa karatasi yake. Mwalimu alimpa alama nzuri za maelezo, na chini kabisa akaandika kwa wino mwekundu: Ramani, sifuri, imechorwa na mzazi. Binti alinionyesha kwa furaha isiyo na huruma.

Begi lilikaa karibu na mlango wiki mbili nyingine. Asubuhi moja nilitoa nguo begini, kwa sababu nilihitaji shati. Jumamosi iliyofuata nilirudi nyumbani nikakuta mbao zimetapakaa chumba kizima, na mke wangu na binti wamepiga magoti na bisibisi. Ilikuwa kabati la nguo, la milango mitatu, kubwa mno kupita mlangoni, ndiyo maana walikuwa wanaliunga mle ndani. Walikataa msaada wangu. Lilipokamilika lilifika karibu na dari na kuchukua ukuta wote wa upande wa dirisha. Mke wangu alilipiga kofi ubavuni, jasho linamtiririka.

“Haya,” akanigeukia. “Sasa hama nalo.”

Bado natembea chumbani usingizi ukikataa. Nafasi imebaki ndogo, inabidi nipite kwa ubavu. Ndugu yangu wa Cape Town bado ananitumia habari za huko, nami bado nazisoma mpaka mwisho.